Sura ya 6: Kulwa Akiugua Skizofrenia

Ndugu wa wagonjwa huniuliza swali moja, tena kwa kunong'ona: Kulwa ameshaugua, je, pacha wake Doto naye lini? Wengine hata hawaulizi. Wanavunja uchumba wa Doto na kumpeleka kwa mganga akapungwe jini ambalo halipo. Huo ni upotofu, na unamuumiza mtu mzima wa afya.

Mapacha wa yai moja wana urithi uleule. Hata hivyo, mmoja akipata skizofrenia, pacha mwenzake huipata katika theluthi moja hadi nusu hivi ya jozi. Mwaka 1989 Irving Gottesman na Aksel Bertelsen walichapisha uchunguzi wa mapacha wa Denmark: uwezekano wa kuugua kwa watoto wa pacha mgonjwa ulikuwa takriban 17 kwa 100, na kwa watoto wa pacha mzima ulikuwa karibu sawa. Yaani Doto anaweza kubeba urithi huo hadi uzeeni bila akili yake kutetereka.

Nilipanga kuendelea na urithi, lakini lazima nieleze habari ya shingo, maana ndiyo inayowaachisha watu dawa. Kulwa ameanza dawa ya haloperidol. Siku ya pili au ya tatu shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, taya linakaza. Nyumba nzima inapiga kelele kwamba jini limepanda, na vidonge vinatupwa chooni. Hakuna jini hapo. Dawa hiyo huzuia dopamini, na dopamini ndiyo inayosaidia pia kuratibu misuli. Mkimbizeni hospitali, hasa akishindwa kumeza au kupumua. Dawa ya kuilegeza misuli ipo, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Msiikatishe wenyewe.

Doto ana mzigo mwingine. Kulwa anaweza kumshuku yeye kuliko wote: "Wewe si pacha wangu, umevaa sura yangu." Doto asibishane wala asikubali. Amwambie, "Naona unaogopa, ndugu yangu. Nipo hapa," kisha akae mbali kidogo, asizibe mlango.

Nanyi wajomba na mashangazi, acheni kumwachia Doto kazi yote eti kwa kuwa walizaliwa pamoja. Pangeni zamu za usiku, changeni nauli ya kliniki, andikeni ukutani tarehe ya sindano inayofuata. Doto naye anahitaji kulala.