Usiku Mmoja wa Tuzo, Saa Elfu za Kusikiliza

Jumamosi ya Aprili 2, 2022, taa ziliwashwa katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, na Tanzania ikapata tena tuzo zake za muziki. Mara ya mwisho zilikuwa zimetolewa Mlimani City, Juni 2015. Kati ya hafla hizo mbili kuna miezi 82. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya mwaka 2015 alikuwa ameshaanza shule.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila zinapotajwa tuzo za muziki nchini, mazungumzo hukimbilia kwa nani kashinda, nani kaonewa, nani hakutokea ukumbini. Mimi nataka tuzungumze gharama. Usiku wa tuzo una bei, na ukiifuata bei hiyo unaona kwa nini tuzo huzimika, kwa nini ushindi unabishiwa, na fedha hukosekana wapi kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Tuzo hizi zilianzishwa mwaka 1999 kwa juhudi za marehemu James Dandu pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1999 Bunge lilipitisha Sheria Na. 7 ya hakimiliki. Kwa hiyo katika mwaka mmoja msanii wa Tanzania aliahidiwa vitu viwili: heshima ya kazi yake na malipo ya kazi yake. Heshima ilipata mdhamini mapema. Bia ya Kilimanjaro ilizibeba kwa miaka mingi hadi watu wakaacha kuziita Tuzo za Muziki Tanzania, wakaziita Kili. Ukimuuliza leo mtu wa makamo, atakwambia “ile Kili ya Twenty Percent,” akimaanisha mwaka 2011, msanii huyo alipoondoka na tuzo 5. Au “ile Kili ya Diamond,” yaani 2014, mwimbaji huyo wa Bongo Fleva alipokusanya 7 kwa usiku mmoja.

Saba ni nyingi kiasi gani? Vipengele vya mwaka ule vilizidi 30. Maana yake, takriban tuzo moja katika kila tano ilikwenda kwa mtu mmoja. Na ndani ya hivyo 30 na kitu walikuwemo watu wa taarabu, wa muziki wa dansi, wa reggae, wa hip hop, wa ragga, na wale wa nyimbo zenye vionjo vya asili, ambao hawashindani kabisa na mwimbaji wa Bongo Fleva. Ukiwaondoa hao, fungu la Diamond kwenye meza ya Bongo Fleva lilikuwa kubwa zaidi ya hiyo moja ya tano. Alistahili, mwaka ule ulikuwa wake. Ila takwimu hiyo inatufundisha jambo: idadi ya vipengele ndiyo inayoamua sura ya tuzo, na ndiyo inayoamua bili.

Tupige hesabu. Chukua hafla ya vipengele 30, kila kimoja kikiwa na wateule 5. Watoa tuzo wawili wanapanda jukwaani, wanasalimia, majina matano yanasomwa huku kila wimbo ukipigwa kwa sekunde 20, bahasha inafunguliwa, mshindi anatembea kutoka kiti chake, anamshukuru Mungu, mama yake na uongozi wake. Hiyo ni dakika 4 ukiwa mkali. Dakika 4 mara 30 ni dakika 120. Ongeza wasanii 8 wa kutumbuiza, dakika 5 kila mmoja: 40. Kubadilisha vyombo jukwaani kabla ya kila mmoja, dakika 3 kila mara: 24. Hotuba 3 za dakika 8: 24. Jumla dakika 208. Ukianza saa 2 usiku kamili, unamaliza saa 5 na dakika 28. Ukichelewa kuanza kwa saa moja, na sote tunajua hafla zetu, Wimbo Bora wa Mwaka unatangazwa saa 6 na nusu usiku, mtazamaji wa nyumbani akiwa amelala.

Kila kipengele unachoongeza kina uzito wake: dakika 4 za matangazo, sanamu moja ya tuzo, na viti. Wateule 5, kila mmoja na mwenzake, ni viti 10. Vipengele 30 ni viti 300, na hata ukipunguza majina yanayojirudia, bado umechukua sehemu nzito ya ukumbi wa watu 1,000 kabla hujamwalika mdhamini wala kuuza tiketi moja. Halafu zije bendi. Mwimbaji wa Bongo Fleva aliyeteuliwa anaweza kuja na meneja wake yakaisha. Bendi ya dansi ina mpiga solo, mpiga besi, wa rizimu, wa kinanda, wa tumba, wa dramu, wapulizaji, waimbaji na wanenguaji; watu 15 kwa urahisi. Huwezi kuwapa kadi mbili ukawaambia wachague nani aende. Tena wakishinda, sanamu ni moja. Nimewahi kuona tuzo ya bendi ikiwa juu ya kabati la kiongozi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wenzake wakija mazoezini wanaifunua kidogo, wanaishika, wanairudisha. Sanamu moja, jasho la watu 15.

Mzigo wa vipengele vingi si wa kwetu peke yetu. Marekani walipoanza Grammy mwaka 1959 walikuwa na tuzo 28. Miaka ilivyopita kila aina ya muziki ikadai kipengele chake, hata zikafika 109 mwaka 2011. Waandaaji wakashika panga, mwaka uliofuata zikabaki 78. Zikaota tena, mwaka 2024 zikawa 94, moja ya zile mpya ikiwa ya muziki wa Afrika, iliyochukuliwa na Tyla wa Afrika Kusini kwa wimbo wa Water. Wanawezaje kutoa 94 kwa siku moja? Nyingi kabisa hutolewa mchana katika hafla ya awali, na usiku, mbele ya kamera kubwa, hubaki chache tu. Ni uamuzi mgumu kwa anayepewa mchana, lakini kila mmoja anaitwa jina lake, anapanda, anashukuru. Kwetu ningependa tuige hilo kabla hatujaiga zulia jekundu.

Sasa tuje kwenye shilingi. Hapa natumia namba za duara ili hesabu ieleweke. Si bei ya ukumbi wala kampuni yoyote. Tuseme ukumbi, jukwaa, taa na mitambo ya sauti kwa pamoja umetajiwa milioni 50. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni milioni 9. Hundi inaandikwa milioni 59. Hapo hujaweka jenereta ya pili, ambayo fundi yeyote wa matangazo ya moja kwa moja atakwambia haina mjadala, kwani umeme ukikatika sekunde 10 kila mtu anakumbuka sekunde hizo kuliko washindi. Hujaweka ulinzi, chakula, mshereheshaji, mazoezi ya siku mbili kabla, wala nauli za wateule wa mikoani.

Wacha niende upande wa pili, ambao hauna taa. Kabla ya usiku ule, kuna watu wamekaa chumbani na spika mbili wakisikiliza. Tuseme zimewasilishwa nyimbo 1,000, kila moja dakika 4. Hizo ni dakika 4,000, sawa na saa 66 na dakika 40. Kwa majaji 15, ni saa 1,000 za masikio ya watu. Jaji mmoja akisikiliza saa 6 kwa siku, bila kuruka ubeti, anahitaji siku 11 na zaidi; tuandike 12. Mpe posho ya shilingi 50,000 kwa siku. Siku 12 mara majaji 15 ni siku 180, mara 50,000 ni milioni 9.

Angalia namba hiyo tena. Milioni 9 ndiyo ile VAT ya ukumbi. Katika mfano wetu, VAT hiyo peke yake inatosha kuwalipa majaji wote kusikiliza kila wimbo mwanzo hadi mwisho. Ukitaka wasikilize mara mbili, kama inavyopasa kwa taarabu ambayo utangulizi wake tu unaweza kula dakika za wimbo mzima wa Bongo Fleva, ni milioni 18. Bado hujafika theluthi ya ile hundi ya milioni 59.

Hii ndiyo hoja yangu. Kinachoipa tuzo thamani ni kusikiliza, na kusikiliza ndiko rahisi kuliko vyote kwenye bajeti. Lakini fedha zikipungua, mdhamini akisuasua, jukwaa halipunguzwi, maana linaonekana. Hupunguzwa siku za majaji. Jaji aliyepewa siku 4 badala ya 12 atafanya nini? Atasikiliza majina anayoyajua. Msanii wa Kigoma aliyetuma wimbo wake kwa mara ya kwanza ataanguka bila mtu kusikia hata kiitikio. Baadaye tunalaumu upendeleo, kumbe kiini cha tatizo ni siku 8 zilizokatwa.

Kura za wananchi haziwezi kuziba pengo hilo. Kura ya simu hupima nani ana mashabiki wengi walio tayari kutuma ujumbe, jambo linalostahili heshima na kipengele chake. Haiwezi kukwambia ni nani kapiga gitaa vizuri zaidi mwaka huu. Anayetafuta mtayarishaji bora, mtunzi bora au mpiga kinanda bora lazima amlipe mtu mwenye sikio akae chini.

Na mteule mwenyewe je? Anayetoka Mwanza kwa basi anasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kuja Dar es Salaam, na nyingine kama hizo kurudi. Nauli, malazi ya siku mbili, nguo ya kupitia zulia jekundu, na kama ni kundi, zidisha. Akishindwa, amerudi na picha. Akishinda, amerudi na sanamu, na thamani ya sanamu hiyo ni bei atakayoweza kuongeza kwenye shoo zake kuanzia mwezi ujao. Bei hiyo hupanda tu ikiwa promota wa Mwanza anaamini tuzo ilitolewa kwa haki. Hivyo tunarudi palepale, kwenye chumba chenye spika mbili.

Ile miezi 82 ya ukimya ilitugharimu kwa namna isiyoandikwa kwenye hundi yoyote. Mwaka 2016 Ali Kiba alipata tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Mwaka 2017 Rayvanny alichukua tuzo ya BET huko Los Angeles. Nyumbani hapakuwa na jukwaa la taifa la kumwita hata mmoja wao. Mwimbaji Zuchu alitambulishwa Aprili 2020 na kuwa jina la kila nyumba kabla tuzo hazijarudi. Waliotutoka ndani ya kipindi hicho ndio wanaoniuma zaidi. Shaaban Dede, sauti iliyopita katika bendi zetu kubwa za dansi, alifariki Julai 2017. Hakuna hafla ya kitaifa ya mwaka ule ambako ukumbi mzima ungesimama kwa ajili yake.

Tangu ziliporudi, tuzo zimekuwa na mwendo wa kusuasua: Aprili 2022, Aprili 2023, kisha Oktoba 2024. Mwanya wa kwanza ni mwaka mmoja hivi, wa pili karibu miezi 18. Mdhamini anayepanga bajeti yake kila Januari hawezi kuweka fedha kwenye kitu kisicho na tarehe. Wala serikali kuingiza mkono mfukoni si dawa ya moja kwa moja. Afrika Kusini, ambako tuzo za muziki za SAMA zimekuwepo tangu 1995, serikali ya jimbo la KwaZulu-Natal ilikubali kuzifadhili mwaka 2023, wananchi wakauliza kwa nini fedha hizo zisiende kwenye mahitaji mengine, jimbo likajitoa, na hafla ikafanyika Pretoria mwezi Novemba. Fedha ya umma hupenda kuulizwa. Jibu lake ni kuonyesha hesabu mapema.

Kwa hiyo naiomba BASATA na wizara inayosimamia sanaa mambo matatu yanayohesabika. Watangaze tarehe moja ya kila mwaka, waishike hata kama ukumbi utakuwa mdogo. Fedha ya kusikiliza itengwe kwanza, iwekwe kando kabla ya kuandika hundi ya jukwaa, na isiguswe. Na siku majina ya wateule yanapotangazwa, ubandikwe ukurasa mmoja: nyimbo ngapi ziliwasilishwa, majaji walikuwa wangapi, na walisikiliza kwa siku ngapi. Msanii aliyekosa akiona namba hizo zimekaa sawa, atatuma tena wimbo wake mwakani.