Ukiona duara jeusi kwenye darubini, usilaumu macho yako

Chukua mfano huu. Umeteremka Kikoneni, kule Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, na mwenyeji wako amekupeleka hadi karibu na kilima cha Mrima, kile chenye msitu wa kaya. Ananyoosha kidole juu ya mti: "Hondohondo wale, wawili." Anavua darubini shingoni mwake na kukupa. Unaibandika machoni, unaona giza, kivuli kama mwezi mchanga kinacheza pembeni, na kope zako mwenyewe. Baada ya dakika moja unairudisha na kusema, "Eeh, nimewaona."

Hukuona kitu. Na hauko peke yako, wengi husema hivyo kwa aibu kisha hurudi mjini na hukumu mbili: kwamba macho yao ni mabovu, au kwamba mambo ya kutazama ndege ni ya watalii wenye vifaa vya bei kali. Hukumu zote mbili hazina msingi. Kilichokosekana pale ni sentimita moja hivi, kati ya jicho na kioo.

Jaribu hili ukipata darubini yoyote, hata ya kuazima. Ishike kwa mkono ulionyooka, lenzi kubwa zikielekea anga jeupe (kamwe usielekeze juani, jua likipitia vioo vile hupofusha kwa kufumba na kufumbua). Utaona viduara viwili vya mwanga vinang'aa katikati ya vioo vya upande wako. Mwanga wote wa ile picha unapita pale. Kwa kweli viduara vile vinaelea hewani, nyuma kidogo ya kioo, na mboni ya jicho lako inatakiwa isimame palepale. Ukikaa mbali mno, picha husinyaa kama unachungulia kupitia bomba la maji. Ukikaribia mno, ndipo vile vivuli vyeusi huanza kucheza. Huo umbali kutoka kioo hadi jicho tuuite nafasi ya jicho. Kwa darubini nyingi za mkononi ni kati ya milimita 10 na 20. Ni kitu kidogo, lakini kosea hapo uone.

Watu wa bunduki wanaijua kanuni hii kwa maumivu. Darubini ya bunduki hutengenezwa na nafasi kubwa zaidi, kama sentimita 8 hadi 10, kwa sababu bunduki hupiga teke. Aliyeifunga karibu mno na uso hugongwa na ukingo wa chuma juu ya nyusi, na kovu lake la nusu duara wawindaji wa kwingineko hulitambua mara moja. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, kwa hivyo huenda hujawahi kukaa na mwenye kovu hilo kwenye matatu.

Lakini tazama fundi anavyoifunga darubini ile, kuna somo. Hakuambii usogeze shingo. Kwanza anahakikisha bunduki haina risasi. Kisha anakwambia ufumbe macho, uiweke begani kama ulivyozoea, shavu likae juu ya kitako, mwili utulie. Halafu fumbua. Kama huoni duara kamili lililojaa picha, kinachosogezwa mbele au nyuma ni darubini, wewe umetulia zako. Kama ni ile ya kuvuta karibu kwa viwango tofauti, anapimia kwenye kiwango cha juu kabisa, maana hapo nafasi ya jicho huwa finyu zaidi. Na atakulaza kifudifudi pia, kwa sababu ukilala kichwa huenda mbele kuliko ukiwa umesimama. Kilichokaa sawa umesimama kinaweza kukugonga ukiwa chini.

Sasa rudi kwenye darubini ya kutazamia ndege, ambayo haina teke wala risasi. Utaratibu ni uleule: mwili kwanza, halafu kifaa kikufuate.

Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, bana viwiko mbavuni. Ikunje au ikunjue darubini hapo katikati mpaka miduara miwili iungane kuwa mmoja. Umbali kati ya mboni mbili hutofautiana sana baina ya watu. Kuna wenye milimita 55 na kuna wenye 70, ndiyo maana darubini iliyomkaa vizuri rafiki yako inaweza kukupa wewe giza la upande mmoja.

Kisha vikombe vya macho, zile raba zinazozunguka vioo vya upande wako. Kazi yake ni kushikilia jicho pale pale linapotakiwa. Huna miwani? Vizungushe au vivute vitoke nje, uvibandike chini ya nyusi. Una miwani? Virudishe ndani kabisa, kwa sababu miwani imeshachukua sehemu ya ile nafasi. Hili la vikombe ndilo chanzo cha "sioni" nyingi. Mtu wa miwani anapewa darubini ambayo vikombe vyake vimetolewa nje, anapata picha ya ukubwa wa kifungo cha shati, anakata tamaa.

Wenye miwani, ngojeni kidogo, kwa sababu nyinyi ndio mnaoumizwa dukani. Muuzaji atakuimbia mara ngapi inavuta, lakini uliza nafasi ya jicho ni milimita ngapi. Chini ya 15, utasumbuka. Wengine huvua miwani na kuacha gurudumu la katikati lifidie, na kama tatizo lako ni la kuona mbali au karibu tu, itakubali. Lakini chungulia karatasi uliyopewa na daktari wa macho. Kama kuna namba kwenye safu ya CYL, gurudumu haliwezi kurekebisha hilo. Baki na miwani yako.

Limebaki la kulinganisha macho mawili. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kibao cha duka kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yakae wazi. Sasa ziba ya kushoto, na bila kugusa gurudumu zungusha pete iliyo kwenye kioo cha kulia mpaka maandishi yaleyale yakae wazi. Darubini nyingi zina pete upande huo. Kumbuka alama iliposimama, na kuanzia hapo utatumia gurudumu tu. Anayeruka hatua hii hupata kichwa kuuma baada ya nusu saa na kudhani ni jua.

Na kumpata ndege je? Usimtafute kwa darubini. Mkazie macho yako ya kawaida, usiyabandue, kisha inua darubini ije mbele ya macho. Wengi hufanya kinyume: wanainamisha kichwa kufuata kifaa, ndege anapotea, wanaanza kupekua majani tawi kwa tawi. Ni lile kosa la shingo ambalo fundi wa bunduki hawezi kukuruhusu.

Unaweza kuuliza, haya yote ya nini kwa kijana anayetafuta riziki? Kwale ina jibu lake. Mgodi wa Base Titanium, uliokuwa ukiajiri vijana wengi wa huku, ulimaliza uchimbaji Desemba 2024. Kilima cha Mrima chenyewe kinamezewa mate kwa sababu ya niobi na madini adimu yaliyo chini yake, na kelele zake zimefika hadi mahakama za kimataifa za uwekezaji. Juu ya ardhi, hata hivyo, kuna mali ambayo haihitaji leseni ya kuchimba. Kuna mbega wa Diani. Kuna pomboo wa Kisite-Mpunguti, ukitokea Shimoni. Kuna msitu wa Shimba Hills, mahali pekee nchini unapoweza kumwona palahala porini, pamoja na ndovu waliosalia baada ya KWS kuwahamishia wengine Tsavo Mashariki mwaka wa 2005. Halafu kuna shorobo, ambaye akitulia ni kijani tu kama jani, akiruka mabawa yanawaka wekundu.

Anayetaka kuishi kwa kuyaonyesha haya anaweza kufanya mtihani wa chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, kuanzia ngazi ya shaba, kisha fedha, kisha dhahabu. Majina ya ndege utayakariri. Kwa maoni yangu, pale ambapo waongozaji wengi chipukizi hupoteza mgeni ni kwenye jambo ambalo hutalipata kwa kukariri: wageni sita, darubini moja, na kila mmoja anapewa ikiwa imekaa kwa macho ya aliyetangulia. Mgeni aliyeona giza hatakwambia. Atasema "nimewaona", atakushukuru kwa adabu, na jina lako hatampa mtu. Mwongozaji anayejua kazi huchukua sekunde kumi: "Unavaa miwani, mama? Haya, vikombe ndani. Kunja hapa kidogo. Sasa?" Hapo utasikia mtu akivuta pumzi.

Kuhusu kununua, neno moja kwa wanaotembea Mwembe Tayari au Gikomba. Namba mbili kwenye darubini, kwa mfano 8x42, zinamaanisha inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawa 42 kwa 8, unapata milimita 5 na kidogo: huo ndio upana wa kile kiduara cha mwanga. Kiduara kipana humsamehe mtu, jicho likiyumba kidogo bado linabaki ndani yake. Sasa chukua ile iliyoandikwa 30x60, inayovutia macho pale mezani. Sitini kwa thelathini ni 2. Kulenga mboni kwenye tundu la milimita 2 huku mkono ukitetemeka mara thelathini ni adhabu, hata kama namba ile ni ya kweli, na mara nyingi si ya kweli. Mimi ningechukua 8 kuliko 10, hasa kwa anayepanda mashua Shimoni, ambako hata 10 hucheza na mawimbi mpaka pomboo wanakuwa mistari.

Kabla hujatoa pesa, itazame kwa mkono ulionyooka kama tulivyosema. Viduara vikiwa mviringo safi ni dalili njema. Vikionekana kama vina pembe zilizokatwa, prizimu za ndani ni za bei ya chini. Kisha tazama waya wa stima ulio mbali. Ukiuona mmoja, sawa. Ukiona miwili, darubini hiyo ilishaanguka siku moja, na hakuna gurudumu litakaloiponya. Irudishe mezani polepole, mwambie kaka asante, endelea na safari yako.

Aliye Nairobi na hana pesa ya kununua chochote anaweza kuanza na matembezi ya ndege ya Nature Kenya, Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Yamekuwepo tangu miaka ya 1970 na wanaoanza hukaribishwa.

La mwisho ni la simu, maana najua ndilo unalongoja. Kamera ya simu ni jicho kama jicho lingine, nayo inataka kusimama palepale kwenye kiduara. Toa vikombe nje viwe kama kigoda cha kuegemezea simu, bandika kamera kwenye kioo kimoja, sogeza taratibu mpaka duara la mwanga lijae. Likiwa dogo na jeusi pembeni, huko mbali mno. Punguza vikombe hatua moja. Simu yenye kamera tatu ina balaa yake, inaweza kubadilisha lenzi bila kukuuliza na picha yote ikazimika, basi ichague ile kamera kuu na uivute kidogo tu. Egemea mnazi au ukingo wa mashua. Picha ya kwanza itakuwa ukungu. Ya kumi itakuwa tawi tupu, ndege ameshaondoka. Ya ishirini utaituma kwa grupu.