Bwana Afya si wa msimu wa kipindupindu

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Dar es Salaam, mtaani kwetu yapo mambo mawili ambayo kila mtu anayajua ingawa hayatangazwi. La kwanza, usiku wa mvua kubwa mwenye nyumba mmoja au wawili watatoboa shimo la choo na kuacha maji ya mvua yachukue kilichomo. Sisi wa jiji hili tunaita kutapisha choo. La pili, siku chache baadaye mabwana afya watapita mtaani na kuwafukuza mama ntilie.

Aliyemwaga kinyesi barabarani yumo ndani amelala. Anayekimbia na masufuria kichwani ni mama aliyeamka alfajiri kupika maharage.

Simlaumu bwana afya kwa kumtazama mama ntilie. Chakula kilichopoa na kutuliwa na nzi ni hatari kweli. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tumemfahamu afisa huyu kama askari wa kipindupindu tu, anayeonekana ugonjwa ukishaingia. Hivyo ndivyo tulivyomzoea, lakini kazi yake kwa mujibu wa sheria ni kubwa kuliko hiyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyotoka na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kumwingia mwingine kwa kinywa, kupitia maji, chakula au mikono. Mgonjwa huharisha na kutapika mpaka mwili unaishiwa maji, na asipotibiwa mapema anaweza kufa katika muda wa saa chache. Basi ukiichambua kazi ya bwana afya, sehemu kubwa ni kuziba njia kati ya choo na kinywa. Anatakiwa kukagua vyoo na visima, kuingia jikoni kwenye hoteli na migahawa, kuhakikisha wanaohudumia chakula wamepimwa afya, na kufuatilia taka na madimbwi ya mbu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo huo, naye huifanya kazi hiyo chini ya halmashauri yetu, ile ile tunayoilipa ushuru.

Na halmashauri zenyewe zina historia na ugonjwa huu. Mpango wa madaraka mikoani ambao serikali iliuanzisha mwaka 1972 ulifanya halmashauri za miji zivunjwe. Taka, mitaro na vyoo vya miji vikakosa mwenyewe wa karibu. Huduma zikadorora, na katika miaka hiyo hiyo ya sabini kipindupindu kikaingia nchini. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Miongoni mwa mambo yaliyowashtua wakubwa ni uchafu wa miji na magonjwa yaliyoufuata. Kwa maneno mengine, usafi ni sababu mojawapo ya kuwa na halmashauri leo.

Lakini kurudishwa kwa ofisi hakukurudisha huduma mara moja. Wakazi wa Tabata wanaukumbuka moshi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi yao. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, na Mahakama ikaliamuru Jiji liache kumwaga taka pale. Mahakama iliitazama haki ya kuishi iliyomo katika Katiba, ikaona kuwavutisha watu moshi wa taka ni kuihatarisha haki hiyo. Pamoja na amri hiyo, taka ziliendelea kumwagwa mpaka mwaka 1991. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linatufundisha kwamba usafi si hisani ya mkubwa. Ni haki inayoweza kudaiwa, na wananchi wa kawaida wamewahi kuidai wakaipata.

Tatizo letu ni kwamba tumeizoea operesheni. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa mikoani, sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka huo zilifutwa na Rais Magufuli akaagiza siku hiyo iwe ya usafi. Watu walijitokeza kwa wingi, na lilikuwa jambo jema. Lakini ufagio hukusanya taka, hauzisafirishi. Mtaani kwetu tuliwahi kufanya usafi siku moja tukajaza viroba vingi, vikakaa kando ya barabara wiki tatu vikisubiri gari. Mvua ilipokuja, taka zilirudi kwenye mtaro ule ule tulikozitoa.

Hapo nikiri kosa langu. Mkusanya ada ya taka alipopita mwezi uliofuata, nilimwambia silipi, kwa kuwa gari halikuja. Jirani zangu wakanifuata. Gari likakosa fedha, likazidi kutokuja, nasi tukapata sababu nyingine ya kutolipa. Nani alianza? Sijui, lakini najua nzi hawakutuuliza risiti.

Hata yule anayetapisha choo tumsikilize kabla ya kumpiga faini. Maeneo mengi ya jiji hili maji yako karibu na uso wa ardhi, na shimo hujaa upesi. Gari la kunyonya maji taka haliwezi kupita kwenye vichochoro vyetu, na hata likipita, gharama yake ni kubwa kwa mwenye nyumba anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne. Faini peke yake itamfundisha kutapisha usiku zaidi. Zipo pampu ndogo za mkono ambazo zimetumika katika baadhi ya mitaa ya jiji, uchafu ukabebwa kwa pikipiki za magurudumu matatu. Huduma ya namna hiyo ikisimamiwa na halmashauri na bei yake ikiwa ya kuhimilika, hapo faini itakuwa ya haki, kwa sababu mtu atakuwa na njia nyingine.

Basi tufanye nini? Mkutano wa mtaa utakapoitishwa, twende, na tuulize maswali matatu. Afisa afya wa kata yetu ni nani, na ni lini mara ya mwisho alikagua vyoo na visima wakati hakuna ugonjwa? Ada ya taka iliyokusanywa ni kiasi gani na imelipia safari ngapi za gari? Je, halmashauri imetenga nini kwa ajili ya kunyonya vyoo vya mitaa isiyofikika kwa gari? Tuyaulize kwa heshima, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kisha nasi tulipe ada na tudai risiti. Mimi nimeanza kulipa tena.

Bwana afya anayepita wakati wa kiangazi akichungulia kisima hamfukuzi mtu, wala hapigwi picha na magazeti. Huyo ndiye tunayemhitaji zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili gharama ya ukuta ni watoto wetu.

Kwa leo naishia hapa. Chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, na tukijaliwa tukutane wiki ijayo.