Mwongezee Sauti Tu, Daktari

Wiki hii wameniuliza tena. Safari hii alikuwa mjomba mtu, ameshuka na mpwa wake kutoka Kinole tangu alfajiri, na huku kwetu Uluguruni mjomba akitaka kusema juu ya mtoto, unamwachia aseme. Niliweka kalamu chini. "Daktari, nyumbani anasikia vizuri na hiyo shimesikio. Akifika darasani haelewi kitu. Sisi tunaomba umwongezee sauti tu." Maneno hayo hayo nimeyasikia kwa akina mama wa Mgeta, kwa walimu wakuu wa mjini, na mara moja kwa daktari mwenzangu ambaye sitamtaja kwa kuwa bado tunasalimiana. Kwa miaka nimejibu kwa upole, mmoja mmoja. Leo naandika, ili atakayeuliza tena nimpe karatasi akasome kwenye benchi.

Mjomba alikuwa amekwisha kulijibu swali lake mwenyewe. Nyumbani anasikia, darasani hasikii. Kifaa ni kile kile na masikio ni yale yale. Kilichobadilika ni umbali na kelele, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoka kwa kuongeza sauti.

Tupige hesabu. Mtu akizungumza kawaida, ukisimama mita moja kutoka mdomoni mwake utapima kama desibeli 65. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Mita mbili, 59. Mita nne, 53. Mita nane, kule nyuma wanakokaa warefu, 47. Kuta humrudishia mtoto kiasi fulani, lakini kinachorudi ni mwangwi uliochelewa, unaokanyaga silabi inayofuata. Darasa lililojaa, madawati yakiburuzwa na darasa la kwanza likiimba ng'ambo ya ukuta, hufika desibeli 60 bila shida. Na hapo bado hatujazungumzia mvua. Upande wa mashariki wa milima yetu, Kinole, Tegetero, Matombo, hunyesha sana, na shule zimeezekwa bati. Mvua ikishika, hata mkaguzi aliyekaa kiti cha mbele hamsikii mwalimu.

Mtoto mwenye upungufu wa kusikia anahitaji sauti ya mwalimu izidi kelele kwa desibeli 15 hivi ndipo ayapate maneno vizuri. Huyu wa mita nne anapata mwalimu 53 na kelele 60. Mwalimu yuko chini ya kelele kwa 7. Haya, ongeza sauti kama ulivyoomba. Maiki ya shimesikio iko sikioni kwa mtoto, nayo inaokota kilichofika hapo sikioni. Nikimwongezea desibeli 10, mwalimu anakuwa 63 na kelele inakuwa 70. Tofauti ni ile ile. Mchele wenye mawe ukipika kilo mbili badala ya moja, na mawe umeyazidisha. Shimesikio za kisasa zina maiki mbili zinazolenga mbele, nazo hupunguza kelele kidogo kwa anayezungumza karibu. Mita nne hazina muujiza.

Ubaya wa pili uko ndani ya sikio. Sikio la ndani likiharibika, sakafu hupanda lakini dari linabaki pale pale. Aliyekuwa anasikia mnong'ono sasa anaanza kusikia kwenye desibeli 60, ila kinachomuumiza bado kinamuumiza kwenye 100. Ndiyo maana bibi yako hukuambia "sema kwa nguvu," ukisema kwa nguvu anakuuliza kwa nini unamfokea. Hana kisirani. Nafasi yake ya kusikia imebaki nyembamba, na mimi ninapopanga shimesikio, nusu ya kazi ni kuizuia isitoboe dari. Vile vikuza sauti vinavyouzwa madukani bila kipimo havijui sakafu ya mtoto wako iko wapi wala dari lake. Aliyemnunulia mwanawe kile amemnunulia kelele, tena ya kuharibu hicho kidogo kilichobaki.

Wengine hawagusi kifaa, wanapaza sauti wao wenyewe. Mwalimu anakakamaa mishipa ya shingo. Jaribu hapo ulipo, piga kelele neno "sisi". Kilichopanda ni i. Ile s imebaki hafifu vile vile, kwa kuwa s ni pumzi inayopita kwenye meno. Kufoka hukuza irabu na kuziacha konsonanti nyuma, na s ndiyo ya kwanza kupotea kwa watoto wengi ninaowapima, kwa kuwa ni sauti nyembamba na masikio yao yameharibika zaidi upande wa sauti nyembamba.

Vitabu tulivyosomea fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza, navyo huhangaikia s kwa sababu kwao ndiyo inayoonyesha wingi. Mtoto wa Kiingereza akiikosa, paka wengi wanakuwa paka mmoja. Kwetu s ndiyo inayokataza. Mama anapiga pasi, anamwona mtoto anasogea, anasema: "Usikamate!" Toa s usikie kilichobaki: "Uikamate." Ndizi ya mgeni iko mezani, "Usile," naye anapata "Uile." "Usivunje" inakuwa "Uivunje." "Usimwage" inakuwa "Uimwage." Mtoto anatii neno kama lilivyomfikia, kisha anachapwa kwa kutii, halafu analetwa kwangu na maelezo kwamba masikio hayana shida sana, shida ni ukaidi. Wengine wanaletwa wakiwa wamekwisha kukatwa udata, kwa kuwa jirani alisema anayechelewa kusema ulimi umefungwa. Ulimi ulikuwa mzima. Hakusema kwa sababu hakusikia, na sasa ana kovu.

Kwa hiyo acheni kuhangaika na kitufe cha sauti. Dawa ni kuihamisha maiki kutoka sikioni kwa mtoto na kuipeleka karibu na mdomo wa mwalimu. Mwalimu anaivaa kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, ambako sauti yake ni desibeli 80 hivi. Kelele ya darasa bado ni 60, kwa hiyo mwalimu yuko juu yake kwa 20. Sauti hiyo inarushwa kwa redio hadi kwenye kipokezi kilichochomekwa kwenye shimesikio, na mtoto wa dawati la nyuma anamsikia mwalimu kana kwamba amesimama ubavuni kwake. Mchele umechambuliwa kabla haujaingia sufuriani. Mifumo ya zamani ilitumia FM. Ya sasa ni ya kidijitali, kwenye masafa ya gigahezi 2.4, inarukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine ili darasa la jirani lisiingiliane na lako. Na kabla hujauliza kuhusu mionzi: ni hafifu kuliko ya simu unayompa achezee ili anyamaze kanisani.

Hapa nina kosa langu la kukiri. Miaka kadhaa nyuma nilimfungia binti mmoja mfumo kama huo katika shule moja ya mlimani. Taa ziliwaka kijani. Nikamuuliza, "Unasikia?" Akasema, "Ndiyo." Nikasaini, nikateremka. Muhula ulipokwisha nikarudi, nikagundua kipokezi hakikuwahi kuunganishwa na maiki ya mwalimu. Muhula mzima amevaa mapambo. "Ndiyo" yake aliisoma midomoni mwangu, kama alivyozoea kuwasomea watu wazima wote wanaopenda kuitikiwa. Taa ya kijani husema umeme upo. Juu ya masikio ya mtoto haisemi chochote.

Tangu siku hiyo sifungi bila kupima. Kwanza kwenye sanduku la vipimo: shimesikio napigia sauti ya desibeli 65, napima kinachotoka. Kisha sauti hiyo hiyo, 65, naipigia maiki ya mwalimu, napima tena kinachotoka kwenye shimesikio. Nikilinganisha wastani wa hezi 750, 1,000 na 2,000, njia mbili hizo zisipishane zaidi ya desibeli 2. Zikipishana narekebisha kipokezi. Kikiwa chini, mwalimu anazama. Kikiwa juu, mtoto hasikii wenzake wala sauti yake mwenyewe.

Kisha mtoto. Daniel Ling, aliyefundisha Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alituachia sauti sita za kupimia: m, u, a, i, sh, s. Zinatembea kutoka nene hadi nyembamba kupitia eneo lote la usemi, na kwa bahati yetu zote sita ni za Kiswahili, hakuna cha kutafsiri. Mwalimu anatoka nje ya mlango na maiki yake, anazitamka moja moja kwa sauti ya kawaida, akiweka kimya kisichotabirika katikati. Mtoto anarudia alichosikia. Akiipata m na kuikosa s, kuna kazi. Usizibe mdomo kwa kiganja wakati wa kupima, kinameza s. Na usimuulize kama anasikia. Dakika mbili kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.

Mwalimu naye ana yake. Maiki isivaliwe chini ya hijabu wala kugongana na kamba ya kitambulisho, mtoto atasikia mchakacho tu. Mwanafunzi mwingine akijibu, apewe maiki. Ukienda ofisini, izime. Nina mgonjwa wa darasa la tano anayejua madeni ya walimu wake wote.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka, foleni ni ndefu. Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza. Kizibo cha sikio kikipiga mluzi, mtoto amekua, achukuliwe umbo jipya. Boksi la msaada kutoka ng'ambo likija, hakikisha kipokezi kinaingia kwenye shimesikio mliyonayo, maana mfumo wa kidijitali wa kampuni moja kwa kawaida hauzungumzi na wa nyingine. Spika za masikioni za Bluetooth za bei ya chai huchelewesha sauti hata ikapishana na midomo, achana nazo. Kipokezi cha kuchomeka kikikosekana na shimesikio ina koili ya sumaku, kipokezi cha kitanzi cha shingoni kinatosha. Mkikosa vyote, mwalimu asogee, mita moja ni bure. Kateni malapa yaliyochakaa muyapigilie chini ya miguu ya madawati. Mvua ikishika bati, andikeni ubaoni. Hakuna umeme, chajini kwa sola au kwa yule anayechaji simu za kijiji. Ambaye hata shimesikio kubwa haimfikishii neno, asicheleweshwe kupata Lugha ya Alama; shule za viziwi tunazo tangu Tabora mwaka 1963. Aliyepandikizwa kifaa ndani ya sikio, kazi ambayo Muhimbili wanaifanya tangu 2017, darasani anaihitaji maiki hii kama wenzake. Pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama shule ikiletewa mfumo huo atajuaje kuwa unafanya kazi. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Walimu wakuu na wazazi, atakayewaletea maiki na vipokezi aje na karatasi ya vipimo vya kila mtoto, kushoto na kulia, pamoja na matokeo ya zile sauti sita. Asipokuwa nayo, msisaini.