Mti Uliochunwa Gome Hufa Polepole

Tunapozungukia miti iliyopandwa na kamati za sharika, hapa Mabawa na kwingineko Tanga, swali moja hurudi mara kwa mara. Muarobaini ulikuwa na majani mabichi msimu mzima, sasa umekauka. Je, ni mchwa au ni ukame? Mara nyingi jibu lipo shinani. Gome limechunwa kuuzunguka mti wote, ama na mtu aliyetafuta dawa ya homa, ama na mbuzi, au limekatwa na waya uliofungwa mti ukiwa mchanga na kusahauliwa.

Mti una njia mbili za usafirishaji. Ya kwanza huitwa zailemu, nayo imo ndani ya mbao yenyewe. Ni mirija myembamba sana ya seli zilizokwisha kufa, mfano wa mabomba. Maji huingia kupitia vinyweleo vya mizizi yakiwa na madini kama naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kisha hupanda. Jua linapogeuza maji ya majani kuwa mvuke, maji yanayotoka huyavuta yaliyo nyuma yake, kwa sababu chembe za maji hushikamana, na mvuto huo hufika hadi mizizini. Ndiyo maana samadi katika udongo mkavu haiusaidii mche: madini husafiri yakiwa yameyeyuka tu.

Njia ya pili ni floemu, nayo iko chini tu ya gome. Hii ni ya seli hai, na hubeba sukari iliyotengenezwa na majani kuipeleka kwenye matunda, machipukizi na mizizi. Mizizi iko gizani, haiwezi kujitengenezea chakula.

Sasa tazama mti uliochunwa pande zote. Mbao ni nzima, hivyo maji yanaendelea kupanda, majani yanabaki mabichi, na watu husema umenusurika. Kumbe mizizi haipati chakula tena. Inaishi kwa akiba yake miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka, hadi inapokufa na maji yakakatika. Katika karne ya 17 Mwitalia Marcello Malpighi alichuna gome namna hiyo na kuona shina likivimba juu ya mkato, kwa kuwa chakula kilichokuwa kikishuka kilizuiwa pale.

Msomaji wa pwani atauliza: mbona wakwezi huukata mnazi vidato tangu chini hadi juu na bado unazaa? Mnazi umeumbwa tofauti. Mirija yake ya maji na ya chakula huenda pamoja katika vifungu vidogo vilivyotawanyika ndani ya shina zima, si katika duara chini ya gome. Kidato hukata vifungu vichache tu, ingawa kovu lake halizibiki maisha yote. Hata tembo la mnazi (tukiacha suala la ulevi, lenye kurasa zake) ni utomvu wa floemu: mgema hukata karara na kukinga sukari iliyokuwa ikielekea kwenye maua na nazi.

Lakini mnazi nao una udhaifu wake. Ugonjwa uliomaliza minazi mingi katika pwani ya Tanzania husababishwa na fitoplazma, vimelea vidogo mno vinavyoishi ndani ya floemu. Nazi changa hupukutika, makarara huwa meusi, makuti hugeuka manjano, na mwishoni kilele huanguka, ikabaki nguzo tupu.

Kwa kamati, kazi ni hii. Kagueni mashina, si majani peke yake. Waya au kamba ya mche ilegezwe kila shina linaponenepa, na mbuzi asifungwe kwenye mti mchanga. Anayehitaji muarobaini achukue majani. Akilazimika kuchukua gome, achune ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja tu. Mti uliobakiwa na gome linalounganisha juu na chini bado unaweza kupona, usikatwe haraka.

Na kwa wafadhili wanaouliza kwa nini bajeti ya miche ina fungu la uzio kwa miaka mitatu badala ya mmoja: mbuzi hawaachi gome mti ukitimiza mwaka, na hasara yake huonekana baada ya ripoti kuwa imekwisha kutumwa.