Mwanahesabu na Mwizi wa Mbuzi

Wasikilizaji wetu wa Handeni na Korogwe, watu wengi humdhania mwalimu wa hesabu kuwa mtu wa chaki na ubao tu, asiye na shauri katika mambo ya wezi. Leo tutamtazama mwanahesabu mmoja wa hadithi, aliyetumia elimu yake kuwasaidia polisi, kisha tupime kama elimu hiyo yaweza kutufaa hapa kwetu.

Jina lake ni Charlie Eppes, naye hakuzaliwa ila katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Numb3rs, ulioonyeshwa tangu mwaka 2005 hata 2010. Ndugu yake ni mpelelezi katika mji wa Los Angeles. Katika sehemu ya kwanza, Charlie aliitazama ramani yenye alama za mahali palipotendwa maovu, akakusudia kutambua mtenda maovu hukaa wapi. Mchezo ni wa kubuni, lakini kanuni yake ni ya kweli: iliundwa na Kim Rossmo, aliyekuwa polisi wa Vancouver, Kanada, akapata shahada ya udaktari mwaka 1995.

Kanuni yenyewe si ngumu kuielewa. Mwanamke akitwanga mahindi, punje huruka huku na huku, wala hakuna awezaye kusema punje ijayo itaangukia wapi. Lakini kinu kikiisha kuondolewa, mtu akizitazama punje hutambua mara kilikuwa kimesimama wapi: karibu zimesongamana, mbali zimetawanyika, na katikati pana duara tupu.

Mwizi naye ni hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, mbuzi wameibwa Misima, Sindeni na Kwamatuku, na wengine upande wa Korogwe. Mwizi haibi mlangoni pake, maana majirani wanamjua. Wala haendi mbali mno, maana usiku ni mfupi na mbuzi hulia. Basi ramani hugawanywa katika miraba midogo, na kila mraba hupewa hesabu kwa kadiri ya umbali wake na kila mahali palipoibwa. Mraba wenye jumla kubwa ndio wa kuanza kupelelezwa.

Lakini hapa pana hatari. Charlie mwenyewe alikosea mara ya kwanza, kwa kuwa hakukumbuka kwamba mtu ana nyumba yake, na tena ana mahali pake pa kazi. Na mwizi apitaye kwa gari tu, asiye na makao humo, huiharibu hesabu yote. Tena, katika mraba mmoja huenda mna nyumba mia, na tisini na tisa ni za watu wasio na hatia. Watu wakimkamata mtu na kumpiga kwa sababu nyumba yake imo ndani ya alama, wao ndio waliotenda uovu kuliko mwizi wa mbuzi.

Hesabu humwonyesha askari mahali pa kuanza kuuliza. Haitaji jina la mtu. Jina hutajwa na ushahidi, mbele ya hakimu.