MAUMIVU YA TAYA: USIKIMBILIE KUNG'OA JINO

Kabla hujaendelea kusoma, weka vidole vyako mbele kidogo ya masikio, kulia na kushoto, kisha fungua kinywa na kukifunga. Utasikia kitu kinacheza chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya. Hapo taya la chini hushikana na fupa la kichwa, na katikati kuna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane. Kiungo hiki hakina likizo. Tunakitumia tunapokula, tunapoongea, tunapopiga miayo na hata tunapomeza mate usiku.

Mama mmoja wa miaka kama thelathini na mitano alifika zahanati akiwa ameshika shavu. Alikuwa amekwisha kung'olewa magego mawili mahali pengine, na maumivu yalikuwa pale pale. Mimi nami, bila kumpapasa vizuri, nikadhani ni sikio, nikampa dawa ya sikio. Baada ya wiki mbili akarudi. Akasema, "Bwana Mganga, maumivu haya nayajua. Huja siku zangu zinapokaribia, na zikiisha hupungua." Nilipomuuliza habari za yale magego, alisema hayakuwa na tundu lolote.

Mama huyo alisema kweli, na sisi wawili tuliomtibu hatukumwuliza swali hilo.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa walio katika umri wa kuzaa. Kwa kawaida huanza baada ya kubalehe, na hupungua baada ya hedhi kukoma. Sababu mojawapo ni homoni, yaani vichocheo vinavyotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu. Homoni ya kike iitwayo estrojeni hupanda na kushuka kila mwezi, na siku chache kabla ya hedhi hushuka sana. Kiungo cha taya kina sehemu zinazoipokea homoni hiyo, na mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu ya uso inazo pia.

Mwaka 2003, Linda LeResche na wenzake huko Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake wenye ugonjwa huu siku hadi siku. Maumivu yalipanda mwisho wa mwezi wao na kufikia kilele wakati wa hedhi. Baadaye waliwafuatilia wajawazito, wakaona kwamba maumivu yalipungua mimba ilipokuwa ikikua, ingawa wakati huo estrojeni ni nyingi sana mwilini. Kwa hiyo usidhani kwamba homoni ikizidi ndipo maumivu huzidi. Inaonekana kushuka kwake na kubadilika kwake ndiko kunakosumbua.

Lakini homoni haifanyi kazi hiyo peke yake. Kusaga meno usingizini, pigo la taya, mashaka na kukosa usingizi vyote huchangia.

Utajuaje? Maumivu huwa mbele ya sikio au kwenye panja, na huzidi unapotafuna. Taya huweza kulia "ka" unapofungua kinywa. Jaribu kuingiza vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Visipoingia, kinywa hakifunguki sawasawa.

Wengi hupata nafuu bila kukatwa wala kung'olewa kitu. Siku za maumivu kula vyakula laini, kama uji, ugali laini na mboga zilizoiva. Acha miwa na mahindi ya kuchoma, hata kama ni msimu wake. Weka kitambaa cha maji ya moto ya wastani shavuni mara kadhaa kwa siku. Ukipiga miayo, shikilia kidevu kwa mkono. Panadol husaidia, kwa kipimo ulichoelekezwa. Kila siku unayoumwa, tia alama kwenye kalenda, pamoja na siku za hedhi, ukaionyeshe zahanati.

Kina mama mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, najua mtauliza, maana navyo vina homoni. Msiviache kimyakimya. Njooni tuzungumze kwanza, kwani mimba isiyotarajiwa ni mzigo mkubwa kuliko taya.

Taya likikaza lisifunguke, na shingo au mgongo nao ukakaza, hasa baada ya kupata jeraha, hiyo huweza kuwa pepopunda. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Fanya hivyo pia kama taya limeteguka likabaki wazi, kama shavu limevimba na una homa, au kama maumivu ya taya yamekuja pamoja na kubanwa kifua na kutoka jasho.

Yule mama sasa ana kalenda ukutani, na siku zake zinapokaribia hupika uji mapema. Aliporudi mara ya mwisho alimleta mumewe, anayesaga meno usiku mpaka watoto wanaamka. Habari zake tutazieleza toleo lijalo.